Joho la Kaizari kwa macho ya Waunguja

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa mbele ya waigizaji, mafundi cherehani na wanafunzi wa sanaa, Mji Mkongwe, Unguja. Nayaweka yote kwa ajili ya waliokosa nafasi ukumbini, na kwa ndugu zetu wa Pemba walioomba wayasome.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Na wengine wote, hamjambo?

Wazee wangu mlioketi mbele, mafundi wenzangu, waigizaji, na nyinyi vijana mliojazana huko nyuma mpaka mlangoni: ahsanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumze juu ya mavazi ya Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare juu ya mtawala wa Roma aliyeuawa na wenzake, tunayoiandaa kwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere, ile aliyoitoa kwanza mwaka 1963, kisha akaipitia upya na kuitoa tena mwaka 1969. Niliulizwa kama nitataka mashine ya kuonyesha picha ukutani. Nikasema picha za nini, nitakuja na nguo zenyewe. Basi hizo hapo mezani. Mlio karibu msizishike bado, nyingine rangi haijakauka.

Nina neno moja leo, na mengine yote yatalizunguka hilo. Nguo za mchezo wa kale zishonwe kwa macho ya watu watakaokaa kwenye viti. Warumi hawaji. Waingereza wa karne ya 16 hawaji. Atakayekuja ni bi mkubwa wa Mkunazini na wajukuu zake. Atakuja kijana wa Jang'ombe aliyelipiwa tiketi na mchumba wake. Watakuja watoto wa skuli walioburutwa na mwalimu wao. Hao ndio wenye macho. Jee, macho hayo yanaona nini?

Yanaona kila kitu! Sisi watu wa visiwa hivi hatujapata kumtazama mtu tukaiacha nguo yake. Mwanamke akipita Mchangani na kanga zake, wenzake wameshajua kama doti ni mpya au kuukuu, wameshalisoma jina lake, na wameshamjua anayepigwa kijembe. Mwanamme akipita na kanzu, watu wanajua kama anakwenda harusini au mazikoni, na wanajua kwa upigaji pasi tu.

Na jambo hili lina mizizi mirefu, mingine michungu. Zama za utumwa hapa Unguja nguo ilikuwa amri. Mtumwa mwanamme alijifunga kipande cha merikani kiunoni. Kofia hakuvaa, wala viatu hakuvaa mbele ya bwana wake. Mtumwa mwanamke alijifunga kaniki. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, watu walifanya nini? Walikwenda madukani. Walinunua kanga, walinunua buibui, kofia, viatu, miavuli. Wanahistoria watakuelezeni mikataba na masultani, na ni sawa. Mimi fundi ninaifikiria ile asubuhi mtu alipotoka kwake mara ya kwanza na kofia kichwani, akapita mbele ya mlango wa aliyekuwa bwana wake.

Sasa fungueni mchezo wetu, mwanzo kabisa. Kaizari hajatokea. Hakuna aliyekula njama bado. Viongozi wawili wa Roma wanakutana na mafundi wamejaa njiani, siku ya kazi, wamevaa nguo zao za sikukuu. Wanawafokea. Hamjui kwamba fundi hatembei siku ya kazi bila alama ya kazi yake? Wewe seremala, iko wapi aproni yako ya ngozi? Iko wapi rula yako? Umevalia nini vizuri hivi?

Mnaona wenyewe! Mchezo unafunguliwa kwa ugomvi wa nguo. Na Shakespeare aliyaandika hayo katika nchi ambayo malkia wake, Elizabeth wa Kwanza, alikuwa ametoa amri mwaka 1574 ya nani avae hariri, nani avae mahameli, na nani asithubutu kugusa zambarau ya kifalme. Sheria hizo za mavazi zilikuja kufutwa mwaka 1604, mchezo umeshachezwa. Kwa hiyo anayeniambia kwamba Kaizari yuko mbali na sisi, ninamuuliza: mbali wapi?

Nikupeni kisa. Ndani ya mchezo mna mtumwa, jina lake Pindarus, aliyetekwa vitani Parthia. Ni wa Cassius, mmoja wa vinara wa njama ya kumuua Kaizari. Mambo yanapoharibika mwishoni, Cassius anamwambia: shika upanga huu, nichome nao, uwe huru. Anamchoma, anakimbia, haonekani tena. Tulikaa kujadili Pindarus avae nini. Kijana mmoja mwenye bidii akasema tumfunge merikani kiunoni, ndiyo historia yetu hiyo. Bi mmoja mtu mzima, mshonaji wa kofia, akaiweka sindano chini. Akasema: "Mwanangu, kwenye viti vile watakaa watu ambao bibi zao walizivaa nguo hizo. Wewe unataka kuwavua mbele ya watu?"

Alisema kweli, na mjadala ukageuka. Tulikubaliana hivi: Pindarus atavaa kanzu fupi, safi, isiyo na neno. Lakini kichwa wazi na miguu mitupu mchezo mzima, wakati kila mwingine ana kitu kichwani na kitu miguuni. Hakuna atakayeelezwa. Macho ya Waunguja yatafanya kazi yake. Na akishamchoma Cassius, kabla ya kukimbia, atamvua makubadhi yake, atayavaa, ndipo aondoke. Mwongozaji alinitazama akasema, "Bi, hilo umeliongeza wewe." Nikamwambia nimeongeza jozi moja ya viatu tu.

Sasa nije kwenye mashuka. (Kicheko.)

Wangapi hapa mmeona mchezo wa Kirumi ambao watu wamejifunga mashuka ya kitandani? Nyoosheni mikono. Eh, wote! Mimi niliuona kwenye skuli moja, siitaji. Vijana wamejitanda mashuka meupe, mengine yana maua pindoni, na kila mmoja mkono mmoja uko begani kulishika lisivuke. Ikafika zamu ya kumuua Kaizari. Mkono mmoja umeshika shuka, wa pili umeshika kisu. Wa kumshika Kaizari uko wapi? Wakamwendea kwa foleni, mmoja mmoja, kwa adabu, kama wanaotia saini kitabu cha wageni.

Toga ya kweli, lile vazi la kujitanda la Warumi, ilikuwa ya sufu nzito, urefu wake mita 5 na zaidi, upande mmoja umekatwa kwa duara. Ilikaa mwilini kwa uzito wake na kwa ustadi wa mtu aliyeipanga mikunjo. Shuka la pamba halina uzito huo. Na hata tungeipata toga yenyewe, ikafika mpaka jukwaani, bi mkubwa wa Mkunazini angeona nini? Kitambaa cheupe, bega moja, wanaume wengi pamoja. Angeona ihramu. Angeona mahujaji, na mahujaji hatuwezi kuwapa visu.

Halafu nani kasema Shakespeare alishona toga? Msomeni vizuri. Kaizari wake anafungua koti la Kiingereza kifuani ili watu wamkate koo wakitaka. Wala njama wake wana kofia walizozishusha mpaka masikioni. Upo mchoro wa mwishoni mwa karne ya 16, wa Henry Peacham, unaoonyesha mchezo mwingine wa Shakespeare wa mambo ya Roma: mkubwa wao kajitanda kitambaa cha Kirumi, na askari nyuma yake wamevaa nguo za mtaani London. Wamechanganya, na watazamaji wameelewa.

Tena tuna shahidi. Tarehe 21 Septemba 1599 msafiri wa Uswisi, Thomas Platter, alivuka mto pale London akautazama mchezo wa Kaizari. Akaandika kwamba waigizaji wa Uingereza wanavaa nguo za thamani sana. Wanazipata wapi? Anasema mabwana wakubwa wakifa huwaachia watumishi wao nguo zao nzuri. Watumishi haziwafai kuzivaa, basi huwauzia waigizaji kwa bei ya chini. Ndugu zangu, hiyo ni mitumba! Msione haya kwenda kuchambua marobota. Mnafuata sunna ya Shakespeare mwenyewe.

Lakini sikilizeni na upande wa pili wa hesabu. Philip Henslowe, mwenye ukumbi wa Rose, aliacha daftari lake la matumizi, na tunazo pia kumbukumbu za mwigizaji wake mkubwa, Edward Alleyn. Mchezo mpya kutoka kwa mwandishi ulinunuliwa kwa kama pauni 6. Koti moja la Alleyn, mahameli meusi yaliyotariziwa dhahabu na fedha, lilipita pauni 20. Waandishi mliomo humu, poleni. Bahili kwenye nguo ishirini ili umwage fedha kwenye nguo moja: hivyo ndivyo walivyofanya, na ndivyo tunavyofanya sisi. Nguo yetu hiyo moja nitaileta sasa hivi.

Kwanza niwatoe kwenye mtego mwingine, maana ukishatupa mashuka unauingia huu moja kwa moja. Mtu anasema, basi tuwavike nguo zetu, kanzu nyeupe na kofia, mambo yamekwisha. Hayajakwisha! Watie wanaume wanane kanzu nyeupe na kofia, wasimamishe usiku nje ya nyumba ya Brutus, yule kipenzi cha Kaizari aliyeingia kwenye njama, wakinong'ona. Ukumbi utaona watu wametoka sala ya Isha. Njama haionekani. Na mimi binafsi sipendi nguo ya ibada itiwe damu kwa uzembe wa fundi kutofikiri.

Kwa hiyo kanzu zetu zimetiwa rangi, na hakuna nyeupe hata moja. Hata zile zilizokuwa nyeupe tumezichovya kwenye chai ya rangi iliyokolea, sufuria kubwa, kwa sababu nyeupe kali chini ya taa inameza uso wa mwigizaji. Wala njama wanavaa vilemba, na ncha ya kilemba inapita mdomoni. Tumemfuata Shakespeare hapo: mtumishi mdogo Lucius anamwambia Brutus kwamba wageni wamekuja, nusu ya nyuso zao zimezama kwenye nguo, hata hawatambui. Kofia ya viua, ile ya mkono ambayo mshonaji huikalia miezi, anayo mtu mmoja tu mchezo mzima, naye ni Brutus, kwa sababu ndiye mtu wa heshima. Asubuhi ya kuua, anaivua na kumpa Lucius amshikie. Baada ya hapo haivai tena.

Na rangi? Lo, rangi! Zambarau ilikuwa rangi ya watawala wa Roma, kila kitabu kitakwambia. Hapa kwetu ukimtoa mtu jukwaani na zambarau, watu wanauliza kadi yake ya chama. Kijani na njano vivyo hivyo. Nyekundu na nyeupe na buluu zikikaa pamoja, wazee wataanza kukumbushana chaguzi zilizopita. Vyama sivitaji, mnavijua. Ukiondoa rangi za vyama vyote Unguja, fundi anabakiwa na kijivu, kahawia na rangi za udongo. Na damu ya mzee. Alhamdulillahi, damu ya mzee hakuna aliyeichukua.

Lileteni lile joho. Taratibu, lina uzito. Litandazeni hapa watu walione.

Katika mchezo huu wote iko nguo moja iliyoandikiwa maneno. Antony, rafiki wa Kaizari, anasimama juu ya maiti ya Kaizari, umati umemzunguka, na anasema: nyote mnalijua joho hili. Anasema anakumbuka siku Kaizari alipolivaa mara ya kwanza, jioni ya kiangazi, hemani mwake, siku aliyolishinda kabila la Nervii. Kisha anaanza kuonyesha matundu. Hapa lilipita jambia la Cassius. Tazameni Casca alivyopararua. Na hapa alichoma Brutus, kipenzi chake. Umati ule ule ambao punde tu ulikuwa unamshangilia Brutus, unaondoka kwenda kuchoma nyumba. Mji umepinduka kwa nguo! Watu walipoanza kulia, maiti yenyewe alikuwa hajaifunua bado. Kaanza na joho. Sasa niambieni, fundi wa joho hilo analalaje usingizi?

Kwa hiyo swali letu la kwanza halikuwa Kaizari alivaa nini. Swali lilikuwa: Muunguja, joho gani analijua? Zamani lilikuwa la masultani na wakubwa. Leo ni la bwana harusi. Tarizi ya dhahabu pembeni, kilemba, jambia kiunoni. Nikamwambia mwongozaji, Kaizari aingie hivyo hivyo, kama alivyo, anatoka kwenye ushindi na mji unamshangilia. Siku moja tukafungua mlango wa mazoezi kwa majirani. Kaizari alipotokea na joho lake, kina mama wa mwisho wa ukumbi wakapiga vigelegele! Hawakuambiwa na mtu. Wapo wenzetu walionung'unika, ati tumemgeuza mtawala wa Roma bwana harusi. Ndivyo hasa. Waliopiga vigelegele wameshakuwa umati wa Roma, tumewatia ndani. Joho lile likirudi na matundu, watakuwa wanaitazama nguo waliyoishangilia wenyewe.

Na liko la katikati, msilipite. Usiku wa kuamkia kifo chake, radi inapiga, mkewe Calpurnia ameota ndoto mbaya anamlilia asitoke. Shakespeare anamtoa Kaizari na nguo ya kulalia. Sisi tumemtoa na kikoi na fulana. Mtu mzito kuliko wote Roma, yuko kwake na kikoi na fulana, anabishana na mke wake! Watu watacheka, na nataka wacheke. Anakubali kubaki. Halafu anaingia mwenzake mmoja, anamtia maneno ya kumsifu, na Kaizari anasema: nipeni joho langu, nitakwenda. Calpurnia ndiye anayelichukua na kumvisha, juu ya kikoi. Hapo hakuna anayecheka tena.

Sasa mafundi, sogeeni, haya ni yenu. Nje ya joho ni damu ya mzee. Damu juu ya damu ya mzee haionekani. Mtu wa safu ya nne hatoona kitu. Ukilifanya jeupe, umerudi kwenye ihramu. Jibu tumelipata ndani ya nguo yenyewe, kwenye bitana. Tazameni nikiligeuza. Bitana ni pamba nyeupe tupu. Kaizari akiwa hai, inachungulia pindoni tu. Antony ataonyesha matundu kwanza kwa upande wa nje, moja moja, anapitisha na kidole. Kisha analigeuza lote kwa mkupuo. Mbele yenu panakuwa na kitambaa cheupe kirefu chenye damu, kimetandazwa juu ya mtu aliyelala. Sina haja ya kuwaambia watu wa hapa hicho ni nini.

Majoho ni mawili, pacha. La kwanza ni zima, matundu yamekatwa tayari na kuzibwa kwa bandi nyepesi, likivutwa linafunguka. La pili ndilo hili la damu. Tunabadilisha nyuma ya pazia wakati Brutus anahutubia, na hotuba yake ni fupi, kwa hiyo watu wawili wanakaa tayari na maiti wetu anatakiwa asitusaidie, alegee tu. Matundu hayafanani. La Cassius ni jembamba, limenyooka. La Casca limechanika ovyo, nyuzi zinaning'inia. La Brutus ni dogo, lakini doa lake ndilo kubwa kuliko yote, kwa sababu Antony anasema damu ilikifuata kisu kilipochomolewa, ilitoka mbio ijue kama kweli ni Brutus aliyebisha hodi.

Damu ya kwenye joho tumeipaka kwa rangi ya kitambaa na kuipiga pasi, haitoki. Nyekundu tupu chini ya taa inaonekana soda, basi tumeipooza kwa kahawia. Damu ya mikononi ni jambo jingine. Wale waliomuua wanaichota damu yake na kujipaka mpaka viwiko, imeandikwa hivyo, kwa hiyo kwanza mikono ya kanzu zao imekatwa mipana ipande bila kubana. Damu yenyewe ni shira ya sukari, rangi ya chakula, kakao kidogo, na tone la sabuni ya maji ili itoke kwenye kufua. Ifanyieni jaribio kwenye kipande kabla ya kuitia kwenye nguo. Na ikishamalizika kazi, fueni usiku huo huo, maana shira iliyolala Unguja asubuhi ina sisimizi wa mtaa mzima.

Tutachezea Ngome Kongwe, uwanja wazi, na upepo wa bahari hauombi ruhusa. Joho la tabaka mbili za kitambaa linapaa. Wenzetu wa nchi nyingine hushonea minyororo kwenye pindo. Mimi nilikwenda kwa wauza vifaa vya uvuvi nikanunua chubwi, zile risasi za mshipi. Shikeni hapa pindoni. Mnazisikia? Ndiyo maana nimesema lina uzito.

Mwanahistoria wa Kirumi, Suetonius, anaeleza kwamba Kaizari alipoona majambia yamemzunguka pande zote, alijifunika kichwa kwa nguo yake, na kwa mkono wa kushoto akaishusha mpaka miguuni, aanguke hali amesitirika. La kufunika uso Shakespeare kalitia. La miguu kaliacha. Nilipowasomea waigizaji, anayecheza Kaizari akaniomba tulirudishe. Tumelirudisha. Ndiyo sababu joho hili lina upana wa ziada upande wa kushoto, na aliyeuliza mwanzoni kama tumekosea kipimo, hilo ndilo jibu lake.

Kina dada, sasa nije kwenu. Wanawake wa mchezo huu ni wawili tu, na zama za Shakespeare wote wawili walichezwa na watoto wa kiume. Wanawake wa Uingereza walianza kupanda majukwaa ya biashara mwaka 1660. Kwa hiyo mnamshinda Shakespeare kwa kuwepo tu. Lakini maswali mliyoniletea ni ya kweli. Nywele tufanye nini? Na Portia je?

Portia, mke wa Brutus, anamuona mumewe halali, anazunguka usiku, ana siri. Anamtaka amwambie. Mume anakwepa. Portia anamwambia: unadhani siwezi kutunza siri? Nimejijeruhi mwenyewe hapa pajani kukuthibitishia, na nimenyamaza. Majukwaa ya Ulaya mwigizaji hupandisha nguo akaonyesha jeraha. Sisi hatupandishi. Hatupandishi, na mimi nasema tunapata zaidi. Portia wetu amejifunga kanga, moja kiunoni na moja kichwani. Anapoingia amekamata pembe ya kanga ya chini, ameikunja mkononi, na watazamaji wanadhani ni haya ya usiku. Anaposema neno lake, anaiachia pembe. Pana doa, limeshakauka, la rangi ya kutu. Brutus analiona wakati mnaliona nyinyi. Dada anayemcheza ameniambia kwamba tangu apewe ile pembe ya kushika, hajui tena mkono wake ulikuwa unafanya nini zamani.

Na kanga hiyo ina jina, lazima iwe nalo. Tunalichapa wenyewe: Siri ya mtungi muulize kata. Atakapomgeukia mumewe, jina litakuwa mgongoni mwake, kuelekea viti. Kina mama wa safu za mbele watakuwa wamelisoma kabla hajafungua mdomo, na nawajua, wataguna.

Nywele ni jepesi. Wote wawili wamefunika vichwa, kwa heshima ya wachezaji na kwa sababu ndivyo wake wa wakubwa walivyokuwa hapa. Calpurnia amevaa suruali ya marinda na kanzu fupi ya hariri, namna ya kina bibi wa majumba ya kifalme, kama mnavyomuona Bibi Salme, binti wa Sultani Said, aliyezaliwa 1844, kwenye zile picha zake maarufu. Mtandio ubanwe kwa pini mbili na si moja. Nimeshasema habari ya upepo.

Madogo madogo nayapitia mbio. Kanzu ya Brutus iwe na mfuko wa kweli, maana usiku wa mwisho anakitafuta kitabu chake na kukikuta mfukoni; fundi akiusahau mfuko, Shakespeare anaharibika. Kanzu ya Cassius ifunguke kifuani kwa vishikizo, kwa kuwa anatoa jambia na kifua amwambie Brutus amuue. Msipime watu wamesimama tu, wapimeni wamepiga magoti na wameanguka. Jasho: maji na siki kidogo kwenye chupa ya kupulizia, kisha jua.

Limebaki la Octavius, na hili hatujaelewana. Octavius ni kijana, mrithi wa Kaizari, baridi kabisa, anaingia mchezo umeshachacha. Cassius anamdharau, anamwita mtoto wa skuli. Lakini maneno ya mwisho ya mchezo ni yake, kwa hiyo nguo yake ndiyo ya mwisho watu kuiona. Mimi nataka suti. Suti ya kijivu, imempwaya kidogo mabegani, na viatu vinavyong'aa, wakati wengine wote wamejaa vumbi la vita. Zama za joho zimekwisha, ofisi imefunguliwa. Mwongozaji anataka Octavius avae joho la Kaizari, lile zima, kwa sababu ameshalirithi jina lake. Namwambia joho hilo tumeshalitandaza juu ya maiti. Ukimvika mwengine, watu watauliza limefuliwa na nani. Tumebishana mpaka chai ikapoa.

Nyinyi ndio wenye macho, basi semeni. Wa suti, mikono juu. Haya. Wa joho? Eh, mmegawana katikati! Bibi mwenye mtandio wa buluu huko nyuma, wewe umenyoosha mara zote mbili. Pita mbele, utueleze vizuri.